Maji ya C3

Jumamosi asubuhi Reginald alikuwa amekaa barazani kwake, Mkunya, akifuta lenzi ya kamera kwa ncha ya kanga ya mkewe. Kanga yenyewe ilikuwa bado imevaliwa. Mama Flora alisimama kando yake na ndoo tupu mkononi, akisubiri amalize. Alishamzoea mumewe, na isitoshe goti lake la kulia lilipenda kila kisingizio cha kuchelewesha safari ya bondeni kuchota maji.

Kamera ilikuwa mtumba wa Japani, ilinunuliwa Kariakoo miaka ile soko lilipojaa kila kitu, hata vitu ambavyo hakuna aliyeviulizia. Menyu yake ilikuwa ya Kijapani na Reginald hakuwahi kupaona mahali pa kubadilishia lugha. Akaizoea hivyo hivyo kwa kupapasa: kulia, chini, chini tena, bonyeza. Kidole chake cha shahada kiliunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho alipokuwa mdogo na hakikuhisi vizuri, kwa hiyo kasi ya shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga, aliihamishia kwenye gurudumu la nyuma, linalozungushwa kwa dole gumba. Kamera haikulalamika.

Juu yake kulikuwa na gurudumu jingine, la kuchagulia, lenye nafasi tatu zilizoandikwa C1, C2 na C3. Hizo mwenye kamera huzipanga atakavyo, na kamera hukumbuka. C2 ilikuwa ya ngoma, kwa ajili ya miguu inayokwenda mbio na vumbi jekundu la unyago. C1 ilikuwa ya maharusi, na hiyo Reginald aliipanga kwa majuma mazima, binti yake Flora akiwa nyumbani likizo. Alimvika chandarua kichwani kama shela, akamsimamisha juani. Flora hakuwahi kutulia tangu azaliwe. Alicheka, akajikuna, akafukuza kuku huku chandarua kikimburuzika nyuma. Hata hivyo C1 ilimpata, kope kwa kope, na Reginald akajiambia kwamba siku ya harusi yake atampiga picha kwa C1 hiyo hiyo. C3 ilibaki tupu.

"Hiyo kamera umeipanga kuliko ulivyowahi kupanga mashati yako, Baba Flora," alisema mkewe, akivuta kanga yake.

"Mashati hayana gurudumu."

Mchana wake kulikuwa na uzinduzi wa bomba la maji. Miaka hiyo maji nayo yalikuwa na kampuni, kama soda, na msimamizi wa kampuni, Bwana Cecil, alikuwa amesimamisha bomba moja zuri mbele ya nyumba ya Reginald, juu ya sakafu ya saruji. Nyuma ya ua wa miyaa lilifichwa boza la kubebea maji, na mpira mwembamba ulitoka kwenye boza ukapita chini ya mchanga hadi kwenye bomba. Kila mtu aliliona. Dereva wake alikuwa amekaa kwenye tairi anakula muhogo. Lakini watu wa Mkunya wana adabu zao, na mgeni rasmi alikuwa ameshafika.

"Mzee, fanya maji yaonekane mengi," Bwana Cecil alimnong'oneza Reginald.

Hiyo si kazi ngumu. Shata ikichelewa kufunga, maji kidogo hujikusanya pichani yakawa mkono mnene mweupe. Reginald alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akazungusha dole gumba, akachelewesha shata kuliko alivyowahi kuichelewesha, akaihifadhi mipangilio hiyo kwenye C3. Mgeni rasmi alifungua bomba, maji yakatoka membamba kama mkojo wa mbuzi, vigelegele vikapigwa, na Reginald akabonyeza. Boza lilipoondoka, bomba likakauka.

Picha aliichapa jioni, akaitundika sebuleni. Asubuhi Mama Flora aliikuta inatiririka. Maji yalitoka pale pale yalipokuwa yanatoka pichani, yakashuka ukutani hadi sakafuni. Aliyaonja. Yalikuwa na harufu kidogo ya boza, lakini yalikuwa maji. Akaweka ndoo, ikajaa, akaweka nyingine, kisha akakaa chini akanyoosha goti. Siku ile hakwenda bondeni.

Ilikuwa Jumapili, na Reginald alikuwa kanisani akipiga picha za harusi ya watu wengine. Aliporudi alimkuta mkewe anaitazama picha kama mtu anayemtazama mgeni aliyeaga mapema.

"Ulifanya nini mlipotoka misa?"

"Niliweka C1."

"Basi ndipo yalipokata. Hebu rudisha."

"Nimerudisha."

"Yanatoka. Zungusha tena."

"Nimezungusha."

"Yamekata. Rudisha, rudisha! Mbona yamepungua?"

Yalikuwa yamepungua kweli. Walielewana hapo hapo, bila kikao. Gurudumu likiwa kwenye C3 maji yalitoka, likiondoka yalikata, na kila yaliporudi yalirudi membamba zaidi. Reginald alichukua plasta ya vidonda akaligandisha gurudumu.

Tangu hapo picha zake zote zilipigwa kwa C3. Aliwaambia wateja wasimame bila kutikisika, na waliosimama walitoka vizuri. Wengine walitoka kama maziwa yaliyomwagika. Katika picha za harusi bibi na babu walionekana barabara, na vijana wote walikuwa michirizi. Watu walianza kwenda kwa Barnaba, mpigapicha wa Newala mjini, na Reginald hakuwalaumu. Alikuwa anamwona mkewe akipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko picha yoyote aliyowahi kupiga.

Majirani nao walikuja na ndoo zao. Wa kwanza kila asubuhi alikuwa Siti, mke wa mzee aliyewahi kuchemsha chumvi ya kuuza, msichana mwenye haya.

"Shikamoo, Mama Flora. Picha imeamka?"

"Marahaba, mwanangu. Imeamka. Weka ndoo."

Wanaume walikwenda kwa kampuni kulalamika kwamba bomba halitoi maji. Bwana Cecil alikuja mwenyewe na fundi wake. Alilipita bomba bila kulifungua, akaingia sebuleni, akawakuta wanawake kwenye foleni na maji yanatiririka ukutani. Alinawa mikono. Alikunywa kikombe kizima.

"Sasa mnalalamika nini? Maji yamefika."

"Haya ni ya picha," alisema Reginald. "Bomba ni lile pale nje."

"Picha ni ya bomba letu, mzee. Au siyo?"

Ilikuwa ya bomba lao. Bwana Cecil alimsifu Mama Flora kwa usafi wa nyumba, akaaga vizuri, akaenda Mnyambe kusimamisha bomba jingine.

Kisha Flora akapata mchumba, Alfredi wa Nanganga, kijana mpole wa masikio makubwa. Siku ya harusi nyumba ilijaa wageni, masufuria ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, na maji ukutani, tangu siku ile ya plasta, yalikuwa yamebaki unene wa uzi wa kushonea viatu. Maharusi waliporudi kutoka kanisani walisimamishwa mbele ya bomba, kwa kuwa ile saruji ndiyo sehemu pekee ya kitongoji isiyo na vumbi. Flora alikuwa amevaa shela halisi. Jua lilikuwa lile lile la siku ya chandarua.

Mama Flora alimwendea mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Bandua plasta. Weka C1."

"Hayatarudi safari hii."

"Nitashuka bondeni kama zamani. Goti ni langu, na mtoto ni mmoja."

Reginald aliweka dole gumba kwenye plasta. Alimpenda binti yake, na C1 ilikuwa ya Flora tangu mwanzo, haikuwa ya mtu mwingine. Aliinua macho akamwona mkewe anarudi kwenye nafasi yake kati ya wakwe, akipanda ile saruji kwa mguu wa kulia, ule mbovu, bila kufikiri. Dole gumba likaondoka.

"Tulieni," aliwaambia. "Flora, mama, tulia kidogo tu. Usipumue."

Flora alitulia. Alijitahidi kwa moyo wote, mashavu yamevimba, macho yamekodoka. Halafu kuku akapita mbele yake na kipande cha nyama ya pilau mdomoni, na yeye akacheka.

Picha hiyo imetundikwa kando ya ile ya kwanza. Flora ametoka kama mkondo mweupe kuanzia saruji hadi angani, na Alfredi ni nusu mtu, kwa kuwa aligeuka kumtazama. Haitoi maji. Mchana, kukiwa kimya, inatoa kicheko kidogo, na Reginald huacha shughuli zake akasikiliza. Mama Flora ametoka wazi kabisa, hadi maandishi ya kanga yanasomeka. Nyuma yake ni bomba. Hilo limetoka safi kuliko watu wote, na utando wa buibui mdomoni mwake unaonekana uzi kwa uzi.

Siku ya tatu baada ya harusi Siti alikuja na ndoo yake, akaitazama sana picha mpya.

"Na hili bomba la nje, Mama Flora, halijatoa kitu hadi leo?"

"Wewe mwenyewe unaliona," alisema Mama Flora, akimsogezea ndoo ukutani. "Halijatikisika."