Mwani wa Mbegu

Mwani ulisafiri kwa basi kutoka pwani hadi Mpanda, mkavu, kifurushi kimoja tu. Nikauacha mezani nyumbani kwetu Mwamkulu, nikaenda kuoga. Kosa langu mwenyewe. Niliporudi, mama alikuwa ameshauloweka na kuupika kwa karanga.

"Nsansa ya pwani," alisema akinipakulia. "Ila wenzetu hawajui kukausha, Nyanzala. Ina mchanga!"

Kwetu Wasukuma, nsansa, majani makavu, ni mboga, hakuna mjadala. Lakini yale yalikuwa ya maabara ya chuo. Kidonda cha mguu wa baba kilikuwa na miezi mitano, na bakteria niliowaotesha kutoka humo walikuwa wameshinda dawa nne. Wasishinde kwa nini? Baba, Mzee Malale, alikuwa akijidunga dawa ya ng'ombe, nusu sindano, akipata nafuu anaacha. Nilitaka kuona kama viini vya mwani vitawaweza. Nililia palepale, kijiko mkononi.

"Sasa unalia nini?" mama alishangaa. "Kwani nani anapika mbegu zote?"

Akashusha kibuyu cha mbegu, akanijazia kiganja mwani mkavu aliokuwa ameuweka akiba humo. Kiasi kilichobaki akakirudisha. "Hii ya kupanda."

Mwani hauna mbegu, lakini sikuthubutu kumwambia. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Wiki mbili baadaye nilimwonyesha baba picha kwenye simu: kisahani cha maabara, tone la mwani katikati, na duara safi ambalo bakteria hawakulivuka.

"Kama zizi," alisema. "Fisi wako nje. Nipe ninywe."

"Bado, baba. Imefanya kazi kwenye kisahani tu, dawa itachukua miaka. Ila tumepata vidonge vinavyowaua, daktari ameshaandika. Siku kumi na nne, hata ukipona ya tatu. Na lile bomba la sindano nipe."

Alinung'unika wee, kisha akanipa.

Siku ya kumi na nne alinipigia simu: kidonda kinafunga, na kidonge cha mwisho amekimeza mama akishuhudia. Nilifurahi nikaruka. Mama akampokonya simu.

"Ule mwani niliopanda hauoti. Nasikia baharini kuna chumvi. Nitie vijiko vingapi?"

"Muulize baba, mayu," nilisema. "Siku hizi yeye ndiye mtu wa dozi."