Mizizi Niliyoikata

Karatasi zangu ndizo safi kuliko zote katika hifadhi hii ya mimea iliyokaushwa, na hilo nalisema bila haya. Miaka kumi na minane nabandika majani wanayoyaandikia majina watu wenye digrii. Hata ilipoletwa azola, mmea wa jamii ya kangaga unaoelea majini, mdogo kuliko ukucha, niliifanyia kama kawaida. Niliikausha, nikapunguza mizizi kwa mkasi ili karatasi ipendeze, nikampelekea mkuu wetu, Daktari.

Daktari aliona rangi nyekundu na vipande vya mizizi vitupu, akaandika kwenye kibandiko: azola ngeni, gugu hatari. Siku hiyohiyo akasaini barua ya kupulizia sumu bwawa ilikotoka. Sikujua kwamba bwawa lenyewe ni la mama yangu mdogo. Bata wake wanakula humo, na yeye anakula kwa bata.

Nilijua asubuhi alipoingia kazini kwangu na ndoo, na hasira za kutosha ofisi nzima. Wapulizaji wameshafika na mapipa yao, aliniambia, wanasubiri simu ya Daktari tu. Akaitua ndoo juu ya karatasi zangu safi.

"Mwanangu, hiki kitu ulikitazama, au ulikibandika tu?"

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilichota azola kidogo, nikaiacha ielee kwenye kisahani cha maji chini ya darubini. Wekundu haukuwa hoja, jua kali hufanya aina zote mbili, ngeni na ya kwetu, ziwe nyekundu. Nilitazama umbo: pembetatu, matawi yamepangana kama unyoya. Kisha mizizi ikaning'inia majini, mirefu, imejaa vinyweleo. Azola ngeni haina vinyweleo hivyo. Hii ilikuwa ya kwetu, na vinyweleo ambavyo Daktari alivikosa niliviangusha mimi sakafuni, nikavifagia. Nilijichukia, lakini kujichukia kusingeokoa bata.

Katika kazi yetu kibandiko cha zamani hakibanduliwi hata kama kimekosea. Anayepinga anabandika chake pembeni na kusaini, na wanaosaini ni wenye digrii. Nilichukua kalamu. Niliandika: azola ya kwetu. Chini yake nikaongeza: mizizi ya sampuli hii ilikatwa na mbandikaji. Nikasaini jina langu lote, mpaka la babu.

Nilibeba karatasi na kisahani hadi ofisini kwa Daktari, mama mdogo akanifuata na ndoo yake. Daktari alisoma, akauliza nani kaniruhusu kusaini. Nilimwambia hakuna. Akasema utaalamu una wenyewe, na kwamba jambo hili angelitazama wiki ijayo. Wiki ijayo bwawa lingekuwa limeshakufa, nikamwambia, kisha nikaweka kisahani chini ya darubini yake na kusimama palepale. Alipoona sitoki, akainama. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji mizizi ile.

"Unajua kwamba hapa umejiandikia barua ya kufukuzwa kazi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Najua, Daktari. Hiyo nitaisoma baadaye. Sasa piga simu."

Mama mdogo alikuwa ameshainua mkono wa simu, akamnyooshea. Daktari alibonyeza namba polepole. Hakuna aliyetukaribisha viti, na tusingekaa hata tungekaribishwa. Tulisimama mpaka tulipomsikia akiwaambia wale watu wafunge mapipa yao warudi.