Weupe wa Viganja

"Usinitazame hivyo. Nimekuuliza, mkorogo umeuficha wapi?"

"Mama, sijapaka kitu."

"Mtu habadiliki rangi kwa kusoma Jiografia, Marcelina."

Binti yangu alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, amevaa sare yake ya shule. Ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne. Nilikuwa nimeshakung'uta godoro, nimemwaga begi lake sakafuni, nimenusa hata chupa ya mafuta ya mawese. Mlangoni alisimama wifi yangu Winfrida, aliyefika juzi kutoka Kalinzi, anatafuna karanga na kucheka.

"Mwache mtoto, wifi. Ametakata tu. Damu ya kwetu hiyo, huwa tunachelewa kung'aa. Wenzio hapa Katubuka wanautafuta huo weupe kwa hela, wewe umeletewa bure unagomba."

Mwezi mzima watu walikuwa wakisema hivyohivyo. Muuza mboga, mwalimu wake, kwaya nzima: Mama Marcelina, mwanao ametakata, mnamlisha nini? Nikawa narudi nyumbani na hasira, maana nilijua wanachofikiria.

"Leta mkono," nikasema.

Mkorogo una alama moja isiyofichika. Uso unakuwa mweupe, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi. Nilitaka nimwonyeshe vifundo vyake, yeye na shangazi yake, kelele ziishe.

Havikuwa vyeusi. Nikaugeuza mkono. Kiganja kilikuwa cheupe kama ugali wa muhogo, mpaka ndani ya mistari yake.

"Na mdomoni una nini?"

Akatema kipande cha udongo, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito.

"Heee!" Winfrida aliacha kutafuna. "Kumbe ni mimba!"

"Si mimba, shangazi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukimbia, na hakuwa amekimbia. "Nina hamu nao tu. Tangu damu ikatae kukata."

"Damu gani?"

"Ya mwezi. Ilianza wiki ya mtihani wa moko."

Nikahesabu. Wiki ya sita hiyo.

"Na hukuniambia?"

"Ungegomba."

Mimi ni mkaguzi wa samaki, nina stashahada ya kazi hiyo. Kila asubuhi pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, nafunua mashavu ya migebuka. Yakiwa mekundu, wapite. Yakiwa yamepauka, namwaga, na hakuna mvuvi anayeweza kunidanganya. Nikaweka kidole gumba chini ya jicho la mwanangu, nikaivuta kope. Ndani hapakuwa na wekundu hata chembe. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga mbio, unaonekana kwa macho.

"Tumtengenezee juisi ya rozela, inaongeza damu," akasema Winfrida. Sasa hakuwa anacheka. "Kaka akirudi Jumatatu ataamua. Mambo ya kike hayatangazwi, wifi. Kesho ataolewa na nani?"

"Mpaka Jumatatu kaka yako atakuta maiti."

Nilisema mbele ya mtoto. Nilijua ananisikia.

Marcelina akajaribu kusimama, pengine ili tusigombane. Akashika ukuta, akaketi tena, jasho limemtoka usoni. Nikavuta kitenge kwenye kamba, nikachutama, nikamweka mgongoni kama nilivyombeba alipokuwa wa mwaka mmoja. Hakuwa na uzito wa mtu wa miaka kumi na saba. Pumzi yake shingoni kwangu ilikuwa fupifupi.

"Mama, viatu."

"Hutembei."

Nikatoka naye hivyo, majirani wakisimama kwenye milango yao. Hakuna aliyesema ametakata. Barabarani nikasimamisha bajaji, nikamlaza kiti cha nyuma. Winfrida alitufuata na kandambili zisizofanana, amekumbatia mkoba wangu, bado anaeleza habari za rozela.

"Wifi, damu yako kundi gani?"

"Nitajuaje? Sijawahi kupimwa mimi."

"Utajulia hospitali. Si umesema ni damu ya kwenu? Panda."

Akamtazama mtoto, akavitazama vile viganja vilivyolegea juu ya kiti. Akapanda, akakiweka kichwa cha Marcelina mapajani. Nikakaa mbele karibu na dereva, nikamwambia aondoke.