Nyuma ya Farasi

Mji wetu wa Nordby haumtukani mtu. Ukitukosea, tunakuletea bakuli la viazi na nyama ya kuoka, tunakuuliza magoti yanaendeleaje, kisha hatusemi nawe neno la maana mpaka siku ya mazishi yako. Hivyo ndivyo walivyomfanyia wifi yangu Ardis Kvamme tangu apige ile kura.

Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule. Watoto walikuwa wamepungua, mwalimu wa kemia ameondoka na hakuna aliyetaka kuja kuzikwa na theluji yetu. Bodi ikagawanyika nusu kwa nusu, kura ya Ardis ikaamua: sekondari ya Nordby ifungwe, watoto waende Wescott. Wescott! Watu tuliowachukia uwanjani tangu enzi za babu zetu. Jezi zetu za kijani zikaishia kwenye maboksi. Picha ya kaka yangu Orrin, marehemu mume wake Ardis, iliyokaa kwenye ukuta wa shule tangu timu yake ilipoleta kombe, ikateremshwa. Nilimnunia majira yote ya baridi. Uchaguzi uliofuata wakamng'oa kwenye bodi, na aliyeongoza kazi hiyo ni Rollin Stensrud, kocha aliyemfundisha Orrin kucheza.

Mtu mwingine angehamia kwa binti yake Arizona, akaota jua. Ardis akaenda kuchukua fomu ya kugombea bunge la jimbo.

"Umechanganyikiwa?" nikamuuliza. "Hawakutaki kwenye bodi, watakutaka bungeni?"

"Wifi, wamenitoa kwenye kiti. Hawajanikata ulimi."

Nikawa dereva wake. Nilikuwa bado nimenuna, msinielewe vibaya. Ila kumnunia mtu wako ni kitu kimoja, kumwacha asulubiwe peke yake ni kitu kingine.

Kiangazi kizima hakuna nyumba hata moja ya Nordby iliyokubali bango lake uani. Walitufungulia mlango, wakatumiminia kahawa, wakasifu mvua, wakasema bango litaharibu majani. Majani! Bwana mmoja aliyesema hivyo ana trekta bovu limelala juu ya majani yake tangu niko msichana.

Ikafika sikukuu ya mahindi, mwezi wa Agosti. Kwetu mgombea asiyetembea kwenye gwaride la mahindi ni kama hayupo. Anatembea, anarusha peremende, watoto wanagombania, wazazi wanapunga mkono. Mwishowe anapanda tela mbele ya benki, anasema maneno machache kwenye kipaza sauti. Chama kilikuwa kimemtuma kijana mmoja kutoka mjini, Bwana Keating, mwenye viatu vyeupe kama maziwa, aje amsaidie.

"Mama Kvamme, hesabu ni ngumu bila Nordby," alimwambia asubuhi ile. "Ukifika kwenye tela, sema tu kwamba unajutia ile kura. Watu wanataka kusikia samahani, basi. Ukisema, unashinda."

Ardis alikuwa anafunga kamba za mabuti. "Na kama sijutii?"

"Si lazima ujutie. Sema tu."

Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Mimi nikajua anaiwaza ile samahani, na moyo wangu ukashtuka, maana niligundua sitaki aseme.

Tukaenda kwenye uwanja wa kujipanga. Mpangaji wa gwaride ni Rollin, miaka nenda miaka rudi, na jambo moja analijua hata mtoto wa Nordby: farasi huwekwa mwisho, na nyuma ya farasi huwekwa gari la kufagia barabara, hakuna kingine. Rollin akatazama karatasi yake, kisha akatuonyesha nafasi yetu: kati ya farasi na gari la kufagia.

"Makosa ya mpangilio," akasema, bila kututazama usoni. "Siku imejaa watu, Ardis. Utanisamehe."

"Rollin," nikamwambia, "mzee mzima na mvi zako, huoni haya?"

"Mwache, wifi," Ardis akasema. "Lile beleshi la theluji bado liko nyuma ya gari?"

Lilikuwepo. Kwetu beleshi la theluji halitoki garini hata Agosti, tunaogopa kumchokoza Mungu. Akalichukua, na toroli akaliazima kwa wale wenye farasi. Gwaride likaanza.

Farasi wakafanya yao mapema, mbele ya duka la dawa. Ardis akasogea, akazoa, akatupa kwenye toroli, akapunga mkono. Watu wakabaki midomo wazi. Wakazidi kufanya mbele ya kanisa, akazoa tena. Mzee mmoja akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika kiti. Bwana Keating alikuwa anatembea kwa kurukaruka kama kuku juu ya lami ya moto, lakini viatu vile havikufika benki vikiwa vyeupe.

Halafu nikarusha peremende.

Hakuna mtoto aliyekimbia. Nikarusha tena, na hapo ndipo nilipoona: akina mama wamewashika watoto mabega. Mtaa mzima. Watoto wanazitazama peremende zilivyolala barabarani, wanameza mate, na mikono ya mama zao haiachii. Niliwahi kuona watu wangu wakiwa wagumu, lakini siku ile niliwaonea aibu hadi machozi yakanitoka.

"Endelea kurusha," Ardis akaniambia.

Tukafika kwenye tela. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Rollin. Akampa, na watu wakasogea karibu na tela. Walikuwa wanaingojea ile samahani. Keating alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla hata haijasemwa.

Ardis akapanda na beleshi lake.

"Kwanza, waacheni watoto waokote peremende," akasema. "Ile kura nilipiga mimi. Peremende hazikupiga kura."

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza.

"Pili. Nimeambiwa nikiomba radhi mtanipa kura. Mume wangu alikuwa kwenye ule ukuta. Picha yake niliiteremsha kwa mikono yangu, nikaenda nayo nyumbani, nikalia. Lakini watoto wenu hawakuwa na mtu wa kuwafundisha kemia, na picha ya Orrin isingewafundisha. Mkinirudisha kwenye ile meza ya bodi leo, nitapiga kura ileile. Mkininyima, ninyimeni kwa hiyo. Msininyime kwa uongo."

Akamrudishia Rollin kipaza sauti, akashuka, akashika toroli. Hakuna aliyepiga makofi. Keating akakaa kwenye ukingo wa barabara, akajishika kichwa.

Lakini mwanamke mmoja alimwachia mwanawe bega. Kisha mwingine. Tulipotazama nyuma, watoto walikuwa wamejaa barabarani wameinama, na gari la kufagia limesimama kuwangoja.

Novemba Nordby ilimnyima. Nasema wazi, watu wangu walimnyima. Wescott ikampa, mashamba yakampa, akapita kwa kura za kuhesabika. Usiku ule hakuna aliyempigia simu kutoka mji wetu. Kesho yake mtu aliacha bakuli la viazi mlangoni bila jina.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa jikoni kwangu tunapaka mahindi siagi, simu ya Ardis ikalia. Rollin. Ardis akaiweka kwenye spika, mikono yake ilikuwa na siagi.

"Ardis. Ee... gwaride. Unajua mila. Mbunge hukaa mbele kabisa, gari la wazi, nyuma ya bendera. Nimekuandikia hapo."

"Asante, Rollin. Nyuma ya farasi umemweka nani?"

"Hakuna. Gari la kufagia tu." Akakohoa. "Mwaka jana ile... ulikuwa utani."

"Haukuwa utani," Ardis akasema. "Nipange palepale."

"Ardis, watu watanionaje?"

"Watakuona na toroli. Beleshi ninalo, wa kusukuma sina. Wifi mgongo unamsumbua."

Mgongo wangu hauna tatizo lolote, lakini nilifunga mdomo.

"Saa ngapi nije?" Rollin akauliza.