Siku Kumi na Tisa za Ruthu

Chuoni nilisomea historia ya kale, na kazi niliyoipata ni ukarani wa karakana ya vyungu huku Chamwino. Cheka tu, mama yangu alishacheka. Mimi nilijiona mrithi wa makarani wa Sumeri, waliochora kwenye vibao vya udongo majina ya wafumaji na siku zao za kazi: aliyekufa ameandikwa amekufa, aliyetoroka ametoroka. Niliapa daftari langu litakuwa safi vilevile.

Ndipo Asnath, mfinyanzi wetu hodari, akaugua. Sheria ya karakana ni siku kumi. Ukizipitisha bila kuonekana, nafasi anapewa mwingine. Siku ya pili akaja mdogo wake, Ruthu, akavaa aproni ya dada yake, akakalia kigoda chake. Hakuna aliyeshangaa. Hapa ndugu akiugua, ndugu hushika jembe lake, na shamba halijui tofauti. Nami nikaandika: Asnath, yupo. Nikaandika hivyo siku kumi na tisa, tena kwa mwandiko mzuri.

Siku hiyo ya kumi na tisa mlango wa tanuru ulifyatuka. Ruthu akaungua mikono yote miwili.

Meneja wetu, Filipo, akafungua daftari. "Karakana inatibu wafanyakazi wake. Huyu Ruthu ni nani? Mbona simwoni humu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wale wa Sumeri waliandika hata wafu. Mimi nilimfuta mtu mzima anayefinyanga mbele ya macho yangu. Nikasema kweli yote. Filipo akachukua kalamu yangu, akaandika jina la Ruthu mara kumi na tisa. Kisha akalikata la Asnath.

"Sheria ni sheria, Bupe. Na wewe tutaonana kesho."

Jioni nikaenda hospitali, nimejipa moyo kwamba angalau nimetenda haki. Ruthu alikuwa amelala, bandeji mpaka kwenye viwiko.

"Pole, mdogo wangu. Matibabu yote ni juu ya karakana. Sasa umeandikwa."

"Na dada?"

Nikainamisha macho kwenye bandeji zake. Akanitazama mpaka akaelewa, akageuzia uso ukutani.

"Mikono ingepona yenyewe, dada Bupe," akasema. "Asnath ana watoto watatu. Nani alikutuma useme?"