Karatasi Nyeusi Dirishani kwa Bodil

Asta alipochungulia nje, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ile karatasi nyeusi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu Wajerumani waondoke Denmaki, na kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa imeshachana karatasi za kuficha mwanga wakati wa vita. Ya Bodil, aliyeishi nyumba inayotazamana na ya Asta, ilikuwa bado imebandikwa dirishani.

Jioni hiyo ilikuwa ya tarehe nne Mei. Kama walivyofanya jioni ile redio ilipotangaza ukombozi, watu waliwasha mishumaa madirishani, kisha wakatoka kutembea na kutazamiana nyumba. Walipofika kwa Bodil wakasimama.

"Huyu kakosa mshumaa au kakosa furaha?" akauliza Laust, mwoka mikate. Watu wakacheka.

"Anamlilia bwana'ke Mjerumani," akajibu Mama Karoline wa duka la maziwa. "We Bodil! Toka basi tuone nywele zimefika wapi!"

Safari hii waliocheka ni wachache. Laust aliinama, akaokota jiwe.

"Nahesabu mpaka kumi. Asipowasha, navunja kioo, mwanga aupate bure. Moja!"

Asta alikuwa amesimama dirishani kwake, nyuma ya mishumaa yake. Yeye na Bodil walikuwa wakipiga pasi meza moja kwa dobi. Jioni ile ya ukombozi Bodil alikimbilia barabarani kucheza bila koti, na baridi ilikuwa kali, Asta akamtupia lake jekundu. Asubuhi yake vijana wakaja wakimtafuta msichana wa koti jekundu, aliyekuwa akionekana bandarini na askari wa Kijerumani. Koti walilikuta mgongoni kwa Bodil. Wakamkalisha juu ya pipa, wakamnyoa nywele zote, adhabu ya wanawake waliotembea na Wajerumani, mtaa mzima ukitazama. Bodil alimtupia Asta jicho mara moja tu. Hakusema koti ni la nani.

"Nne! Tano!"

Asta akachukua mshumaa mmoja, akaukinga kwa kiganja, akavuka barabara.

"Lo! Bubu wetu naye kaja," akasema Laust, maana Asta hakuwa mtu wa maneno. "Mpisheni, labda ana hotuba."

"Rudi ndani, mwanangu," akasema Mama Karoline. "Usijichafue na huyo."

Asta akabisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo. Bodil alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, ingawa nywele zilikuwa zimeshaota siku nyingi.

"Sitaki mshumaa wako," alisema.

"Sikuja kwa ajili ya mshumaa."

"Basi nyamaza, Asta. Miaka miwili umeweza, leo utashindwa?"

"Nane!" akapaza sauti Laust, mkono ukiwa juu.

Asta akageuka, akasogea mbele ya dirisha, akaliziba kwa mgongo wake. Nta ya moto ilimchuruzikia vidoleni, wala hakuipangusa. Watu wote walikuwa wakimtazama, jambo aliloliogopa tangu utotoni.

"Lile koti jekundu lilikuwa langu," alisema. "Msichana wa bandarini alikuwa ni mimi."