Marko wa Elodie, Yoane wa Musafiri

Elodie aliingia Kasongo tope limemfika magotini. Barabara ya kutoka Kabambare ilikuwa imekatika kwa mvua, na kila palipoteleza alilazimika kushuka kwenye pikipiki asukume pamoja na dereva. Lakini mama yake, Mama Mathilde, alikuwa ameita watoto wake wote wawili. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa, na alitaka kuwasikia wakiwa pamoja.

Kaka yake, Musafiri, alikwishafika kutoka Lusangi anakochimba dhahabu. Tangu matanga ya baba yao hawakuwahi kukutana chini ya paa lile. Walikula wali na sombe ya majani ya muhogo, wakiulizana habari kwa adabu, kama wageni.

Walipomaliza, mama akasema, "Mutoe Biblia ya baba yenu. Musome ile ya Yesu juu ya maji."

Baba yao, katekista Jean-Pierre, alipenda habari ile kuliko zote. Jioni alikuwa akiwaketisha mkekani, binti anasoma Marko, mvulana anasoma Yoane, na ugomvi unaanza hapo hapo. Kwa Marko, Yesu anawatuma wanafunzi ng'ambo, Betsaida. Kwa Yoane, wanaelekea Kafarnaumu. Kwa Marko, Yesu anapanda mtumbwini na upepo unatulia. Kwa Yoane, wanataka kumpokea, na mara mtumbwi umefika pwani. "Alipanda!" Elodie alikuwa akipiga kelele. "Walitaka tu!" Musafiri naye. Wapita njia walikuwa wakisimama kuwacheka. Baba alijikuna ndevu akasema, "Musome tena. Polepole."

Sasa Musafiri aliangalia mlango. "Mama, miye nilishaacha ile mambo."

"Juu ya nini?" mama aliuliza sababu.

"Kule Lusangi tulibishana na wenzangu. Mumoja akanionyesha: huku Betsaida, huku Kafarnaumu. Mbele nilikuwa nacheka, lakini siku ile sikucheka. Kama kitabu chenyewe hakipatane, miye nifuate wapi?"

Elodie aliumia kumsikia kaka yake mkubwa akisema hivyo. "Yaya, Betsaida na Kafarnaumu ziko karibu, na upepo ulikuwa unawasukuma. Hata Marko anasema walitokea Genesareti. Na Yoane hakusema Yesu hakupanda."

"Hakusema alipanda!"

"Walitaka kumpokea! Mutu akitaka kupokea mugeni na mugeni iko mulangoni, atamuacha inje?"

"Basi aandike: alipanda!"

"Marko aliandika!"

Sauti zilikuwa zimepanda hadi barabarani. Ndipo wakasikia kicheko. Mama Mathilde alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Ni hivi," alisema. "Ni hivi kabisa. Mulifikiri baba yenu hakuiona ile mambo? Aliijua mbele ya kuwazaa. Siku moja nilimuuliza: kwa nini hauwapatanishe hawa watoto? Akanijibu: wakipatana wataenda kulala, na nyumba itanyamaza."

Elodie alimwona baba yake waziwazi, kidole chake kinene kikifuata mstari, na taa ya mafuta ikitoa moshi kando yake.

"Na yeye mwenyewe?" Musafiri aliuliza taratibu. "Alimufuata nani, Marko ao Yoane?"

"Hata miye hakuniambia. Nilimuuliza sana."

Musafiri akanyoosha mkono, akachukua Biblia, akafunua Yoane bila kutafuta sana. Alisoma kwa sauti nzito ya mtu mzima, si ile nyembamba aliyoizoea Elodie. Alipofika penye mtumbwi akasimama.

"Unaona? Walitaka."

"Endelea kusoma," Elodie alimjibu.

Jumapili, Musafiri aliwasindikiza hadi kanisani lakini hakuingia. Alibaki nje na vijana wa pikipiki. Misa ilipokwisha akamshika mama mkono wa kuume, Elodie wa kushoto, wakashika njia ya nyumbani.

"Wamesoma nini?" aliuliza.

Elodie akamweleza habari waliyosomewa kutoka Marko. Musafiri akatikisa kichwa, akasema Luka haelezi hivyo. Elodie akapandisha sauti. Katikati yao Mama Mathilde alipunguza mwendo, ili nyumba isifike haraka.